Lori la korosho juu ya daraja: ni wapi linapoumiza zaidi?

Tuanze na ubao. Lori tutalifikia.

Msimu wa mvua, mtaani kwenu huenda kuna mfereji ambao watu wameuwekea ubao mrefu ili wavuke. Ubao umelala juu ya mawe matatu: moja huku, moja katikati, moja ng'ambo. Unakanyaga kipande cha kwanza, ubao unapinda chini ya mguu wako. Sawa, hilo ulilitegemea. Lakini hebu utazame ule mwisho wa ng'ambo: umenyanyuka kutoka kwenye jiwe lake. Hujaugusa wala hujaukaribia, ila uzito wako umeunyanyua.

Sasa ubadilishe kidogo. Badala ya ubao mmoja mrefu, weka mbao mbili fupi zinazokutana juu ya lile jiwe la kati. Ukisimama kwenye ubao wa kwanza, ule wa pili hauna habari na wewe. Unakaa kimya mpaka uukanyage.

Tofauti kati ya ubao mmoja mrefu na mbao mbili fupi ndiyo mada yetu leo. Ukiielewa, utaelewa pia kwa nini lori likisimama upande mmoja wa daraja linaweza kupasua zege mahali pengine kabisa, tena mahali ambapo hakuna anayetazama.

Barabara ya korosho

Kila msimu wa korosho ukifunguliwa, mzigo unatoka kwenye maghala ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wilaya tatu ambazo mwanzo wa majina yake ndio ulioungana kuwa jina la chama kikuu cha ushirika, RUNALI. Kutoka huko malori yanaelekea bandari ya Mtwara. Ongeza ufuta, ongeza mbaazi, na siku hizi ongeza madini ya kinywe ya Ruangwa. Gunia la korosho lina kama kilo 80, kwa hiyo lori lenye mzigo wa tani 30 limebeba magunia 375. Njiani linavuka makalvati na madaraja juu ya mito na vijito ambavyo kiangazi ni mchanga mtupu, na mvua ikinyesha havina masihara.

Mhandisi anayesanifu daraja kwenye njia kama hiyo ana tatizo ambalo msanifu wa nyumba hana sana. Ukuta hautembei. Tenki la maji juu ya mnara halitembei. Lori linatembea. Likiingia darajani, kila sehemu ya daraja inapata hali yake: sehemu hii inabanwa zaidi lori likiwa hapa, sehemu ile inabanwa zaidi lori likiwa pale. Mhandisi lazima aijue hali mbaya kuliko zote kwa kila sehemu. Je, alijaribu lori kila sentimita moja, kisha apige hesabu upya kila mara? Kwa mkono hatamaliza.

Njia ya kukwepa mateso hayo ilipatikana Ulaya katika karne ya 19, enzi za kujenga madaraja ya reli, pale injini za treni zilipokuwa mzigo mzito kuliko wowote uliowahi kutembea juu ya daraja. Emil Winkler alileta wazo hilo mwaka 1867. Tuliite mstari wa athari.

Mstari wa athari ni nini hasa?

Wanafunzi wengi wanachanganya hapa, kwa hiyo twende taratibu.

Mchoro wa kawaida wa nguvu ndani ya boriti unafanya hivi: mzigo umesimama sehemu moja, wewe unatembeza jicho kutoka mwanzo wa boriti hadi mwisho. Mstari wa athari unafanya kinyume chake. Jicho lako limesimama sehemu moja tu, mzigo ndio unaotembea. Ni kama mlinzi aliyekaa getini na daftari: yeye hahami, anaandika tu kile anachokihisi kila gari linapobadilisha mahali.

Chukua boriti rahisi yenye nguzo mbili, moja kila mwisho. Mlinzi wetu amekaa kwenye nguzo ya kushoto, na mzigo wa tani 1 unatembea juu. Mzigo ukiwa juu yake, anabeba tani 1 yote. Ukifika katikati, anabeba nusu. Ukifika nguzo ya kulia, anabeba sifuri. Ukichora, unapata mstari ulionyooka unaoshuka kutoka 1 hadi 0. Huo ndio mstari wa athari wa nguzo ya kushoto.

Matumizi yake ni rahisi. Lori lina ekseli kadhaa. Chini ya kila ekseli, soma urefu wa mstari, uzidishe kwa uzito wa ekseli hiyo, kisha ujumlishe zote. Umemaliza. Ukitaka kusogeza lori mita 2 mbele, soma tena. Hakuna hesabu mpya ya daraja zima.

Pale milinganyo inapoisha

Boriti ya nguzo mbili ina vitu viwili tusivyovijua, yaani nguvu ya kila nguzo. Kanuni za mizani zinatupa milinganyo miwili: jumla ya nguvu za juu na chini iwe sifuri, na boriti isizunguke. Mbili kwa mbili, hesabu inafunga. Muundo kama huo tunasema unabainika.

Weka nguzo ya tatu katikati, na boriti iwe moja inayoendelea juu ya zote tatu. Sasa kuna vitu vitatu tusivyovijua, na milinganyo bado ni miwili. Mizani peke yake haitoshi. Muundo huu haubainiki mpaka uulize swali la ziada: boriti yenyewe inapindaje? Kwa boriti hii, mstari wa athari haunyooki tena. Unakuwa na tumbo na mgongo, na sehemu nyingine unashuka chini ya sifuri. Pale unaposhuka chini ya sifuri ndipo ubao wako wa mfereji uliponyanyuka.

Mwaka 1886 Mjerumani Heinrich Müller-Breslau alionyesha namna ya kuupata mstari huo bila kuzama kwenye milinganyo. Kanuni yake ni hii: ondoa nguzo unayotaka kuijua, kisha usukume boriti kwa kipimo kimoja mahali nguzo ilipokuwa. Umbo ambalo boriti inachukua ndilo mstari wa athari wa nguzo hiyo.

Ndiyo, umbo lenyewe. Boriti inakuchorea.

Jaribu mwenyewe mezani

Tafuta rula ya plastiki ya sentimita 30 inayopindika (ufito mwembamba wa mwanzi pia unafaa), karatasi ya daftari la hesabu yenye miraba, kipande cha ubao na misumari midogo. Tandika karatasi juu ya ubao, chora mstari mnyoofu, kisha simamisha rula kwa ubavu wake mwembamba juu ya mstari huo, ili iweze kupinda kwa kufuata karatasi.

Kila mwisho wa rula, piga misumari miwili, mmoja kila upande, ili rula isitoke lakini iweze kuteleza kidogo. Hizo ni nguzo za mwisho. Nguzo ya kati, pale kwenye sentimita 15, umeiondoa. Sasa sukuma rula hapo katikati kwa sentimita 2 na uizuie kwa msumari. Fuata umbo lake kwa penseli.

Pima urefu wa mchoro wako pale kwenye sentimita 7.5, yaani katikati ya upande mmoja. Kama boriti zingekuwa mbili fupi, mstari ungenyooka na ungepata sentimita 1 kamili. Kwa rula inayoendelea utapata karibu sentimita 1.4. Ukigawa kwa 2 unapata karibu 0.69, na hesabu ndefu ya kitabuni inasema 11/16, yaani 0.6875. Rula na misumari vimekufikisha pale pale.

Jaribio la pili: rudisha misumari ya kati, miwili kama kawaida, ondoa ya mwisho wa kushoto, na usukume mwisho huo kwa sentimita 2. Upande wa kushoto rula inapanda. Lakini upande wa kulia, kati ya nguzo ya kati na ya mwisho, inashuka chini ya mstari kwa karibu milimita 2. Ni kidogo, ila inaonekana kwa macho. Maana yake ni kwamba mzigo ukiwa upande wa kulia, nguzo ya kushoto haisukumwi chini. Inavutwa juu.

Hii si mchezo wa watoto tu. Mwaka 1922 George Beggs wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, alitumia kanuni hiyo hiyo kwa vielelezo vidogo na darubini ya kupimia, na wahandisi waliitegemea njia yake kwa miundo migumu kabla ya kompyuta.

Kwa nini inafanya kazi?

Sababu inatoka kwa James Clerk Maxwell, mwaka 1864. Aligundua ulinganifu mmoja wa ajabu kidogo: ukiweka mzigo sehemu ya kwanza na kupima mshuko wa sehemu ya pili, utapata jibu lile lile kana kwamba umeweka mzigo huo sehemu ya pili na kupima mshuko wa sehemu ya kwanza. Kwenda na kurudi ni sawa.

Sasa fikiria boriti iliyoondolewa nguzo ya kati. Lori likiwa mahali fulani, boriti inashuka pale katikati. Kazi ya nguzo ni kuirudisha juu mpaka mshuko uwe sifuri. Kwa hiyo nguvu ya nguzo ni mshuko uliosababishwa na lori ukigawanywa kwa mshuko ambao tani 1 ya nguzo ingesababisha hapo hapo. Lakini kwa Maxwell, mshuko wa katikati unaosababishwa na lori ni sawa na mshuko wa chini ya lori unaosababishwa na nguvu ya katikati. Na huo ndio umbo la rula yako iliyosukumwa katikati.

Malori mawili, au moja?

Sasa tulilete lori. Daraja letu la mfano lina nguzo tatu na mapengo mawili ya mita 20 kila moja. Mzigo uwe tani 30 zilizokusanyika sehemu moja, ili hesabu iwe nyepesi. Tutazame momenti, yaani ile nguvu ya kukunja boriti, kwa tani-mita.

- Boriti mbili fupi, lori katikati ya pengo la kwanza: momenti hapo ni 150. Juu ya nguzo ya kati ni sifuri.
- Boriti moja inayoendelea, lori mahali pale pale: momenti chini ya lori inashuka hadi karibu 122. Lakini juu ya nguzo ya kati sasa kuna momenti ya karibu 56, na inakunja kinyume.
- Boriti inayoendelea, na lori la pili la tani 30 katikati ya pengo la pili: chini ya lori la kwanza momenti inashuka tena, hadi karibu 94. Juu ya nguzo ya kati inaongezeka hadi 112.5.

Soma tena mstari wa mwisho. Lori la pili limelipunguzia mzigo pengo la kwanza. Umeongeza tani 30 darajani, na sehemu moja imepumua. Wakati huo huo juu ya nguzo ya kati mateso yameongezeka mara mbili. Malori yakisogea hadi mita 11.5 hivi kutoka kila mwisho, yanafika karibu 115.5, na hapo ndipo pabaya kuliko pote kwa nguzo ya kati.

Kwa hiyo swali la "daraja linaumia zaidi lini?" halina jibu moja. Kwa katikati ya pengo, hali mbaya ni lori moja peke yake. Kwa juu ya nguzo, hali mbaya ni malori mawili, moja kila pengo. Mhandisi akijaza daraja zima kwa malori na kudhani hiyo ndiyo hali mbaya, katikati ya pengo atakuwa amejidanganya.

Ekseli nzito haiko juu ya nguzo

Tuliweke lori la kweli zaidi. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili za pamoja zenye matairi pacha tani 18, na ekseli tatu za pamoja tani 24. Jumla ya gari zima isizidi tani 56. Semitrela yetu ina usukani tani 8, mita 4 nyuma yake kundi la tani 18, na mita 8 nyuma zaidi kundi la tani 24. Jumla tani 50.

Nguzo ya kati itabeba kiasi gani? Kwa boriti mbili fupi, hali mbaya inakuja kundi la tani 18 likiwa juu ya nguzo kabisa: tani 38.8. Kwenye mistari iliyonyooka ndivyo ilivyo, daima kuna kundi moja juu ya kilele.

Kwa boriti inayoendelea, ukiweka kundi la tani 18 juu ya nguzo unapata tani 44.6. Ukiweka la tani 24 juu ya nguzo unapata 42.8. Lakini sogeza lori ili nguzo iwe kati ya makundi hayo mawili, la tani 18 likiwa limeshapita kwa mita 3 na la tani 24 likiwa bado mita 5 nyuma: tani 46.1. Hakuna tairi hata moja juu ya nguzo, na ndiyo hali mbaya kuliko zote! Sababu unaiona kwenye rula yako: kilele cha umbo lake ni cha mviringo, hakina ncha. Karibu na kilele unapoteza kidogo sana, kwa hiyo ni faida kuyaweka makundi yote mawili karibu kuliko kuliweka moja juu kabisa na kuliacha jingine mbali.

Na yale magunia 25 ya "kujazia tu" nyuma ya lori? Ni tani 2. Katika hali hiyo nguzo inapata karibu tani 1.8 ya hizo.

Hii inatuhusu nini Nachingwea na Ruangwa?

Inatuhusu kwa mambo matatu.

La kwanza ni nyufa. Watu wakitaka kuangalia kama daraja limechoka, wanashuka mtoni na kutazama juu, chini ya katikati ya pengo. Kwa boriti fupi ni sahihi, kwa sababu huko ndiko zege linakovutwa. Kwa boriti inayoendelea, juu ya nguzo zege linavutwa upande wa juu. Ufa unaanzia huko, chini ya lami au vumbi, usipoonekana. Ndiyo maana nondo kuu za sehemu hiyo huwekwa juu, na fundi akiziweka chini kwa mazoea, daraja limeshaharibika kabla ya gari la kwanza kupita.

La pili ni kibao cha "gari moja kwa wakati mmoja". Kinailinda sehemu ya juu ya nguzo ya kati, na umeona kwa nini: kinaondoa nusu ya momenti. Lakini hakiilindi katikati ya pengo dhidi ya lori moja lililozidisha. Kwa hiyo kibao hakichukui nafasi ya mizani, na mizani haichukui nafasi ya kibao.

La tatu ni maji. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, na watu wa kusini walijua maana ya daraja siku hiyo. Mto ukichimba chini ya nguzo, boriti mbili fupi zinainama kidogo pamoja na nguzo, lakini kuinama huko peke yake hakuziongezei momenti. Boriti inayoendelea haikubali kirahisi. Nguzo ikishuka, nguvu zinahama ndani ya boriti hata kama hakuna gari juu. Nguzo ikiacha kubeba kabisa, mapengo mawili ya mita 20 yanakuwa pengo moja la mita 40, na zile tani 30 zikisimama katikati zinaleta momenti ya 300. Tena inakunja upande ambao nondo za pale juu ya nguzo hazikuwekewa. Daraja linaweza kuonekana zima kwa juu, na mzigo wa jana leo ukaliangusha.

Hesabu zetu ni za mfano. Mhandisi anaongeza uzito wa daraja lenyewe, mtikisiko wa gari linalokimbia, na mapengo yasiyolingana. Siku hizi programu ya kompyuta inafanya kazi yote kwa sekunde chache. Lakini mchoro inaoutoa ni ule ule wa rula yako, na ukiwa umeupinda kwa mkono wako utajua kama kompyuta imekosea.

Kwa hiyo mvua zikiisha na maji yakipungua, ukipita kwenye daraja lenye nguzo ya kati, angalia mambo mawili kabla hujaondoka: je, boriti imekatika juu ya nguzo au inaendelea? Na mchanga uliozunguka mguu wa nguzo bado upo, au kuna shimo? Ukiona boriti inaendelea na shimo lipo, wapigie simu wahusika wa barabara, TANROADS au TARURA, kabla msimu wa korosho haujafunguliwa.